Siku Mama Alipoolewa, Kompyuta Ikagoma

Mama yetu aliolewa Jumamosi, na waliochanganyikiwa kwa furaha ni sisi wanawe. Yeye alikuwa anachambua mchele. Mjane wa miaka mingi, anaolewa na mzee mmoja mpole wa Kigamboni, na asubuhi ya ndoa yake amekaa barazani kwetu Gerezani na ungo mapajani, anatoa vijiwe wageni wasije wakavunjika meno. Dada yangu akamnyang'anya ungo. Mama akaenda jikoni kuchukua mwingine.

Alikuwa ametuwekea masharti. Asifanyiwe sherehe kubwa, kwa sababu mambo hayo ni ya wasichana. Hina iwe kidogo, kwenye ncha za vidole tu. Zawadi hataki. Na picha asipigwe. "Picha za nini?" alituuliza. "Mimi sina picha, na nimeishi vizuri tu."

Hiyo ya picha ndiyo iliyonichoma. Ni kweli hakuwa nazo. Albamu za nyumbani zimejaa sisi: sisi na sare mpya, sisi na keki, sisi tumenuna sikukuu ya Idi kwa sababu viatu vinabana. Mpiga picha wa zote hizo alikuwa yeye, na kwa kawaida alitukata vichwa.

Basi nikaamua kumtengenezea video. Nilitaka, kabla hajavuka maji kwenda kwa mume wake, ajione hata mara moja tu vile sisi tunavyomwona. Ndoa ingefungwa msikitini baada ya adhuhuri, na bwana harusi angekuja kumchukua baada ya alasiri. Kati ya hapo wanawake wangekuwa wamekaa mkekani sebuleni, na video ilitakiwa iwe kwenye televisheni wakati huohuo. Ikipita hapo basi. Angesema ataitazama kesho, na mama yangu mambo yake mwenyewe akishayapeleka kesho, huko huko yanabaki.

Nilianza kwa kuzunguka kwa mashoga zake kuomba albamu za harusi zao. Kumbe mama yupo! Yupo kwenye harusi za Gerezani yote na nusu ya Kariakoo, ila yupo pembeni. Amebeba sinia la pilau. Anamrekebisha mtu ushungi. Anachungulia nyuma ya bega la bibi harusi, nusu uso. Picha moja ilikuwa na kiwiko chake peke yake, lakini kiwiko kile nakijua, kimenizindua mara nyingi nilipokuwa nasinzia kwenye maulidi. Nikawa nazikata zile pembe, nazikuza na kuzisafisha, mpaka pembe ikawa picha nzima na mama akawa katikati. Nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu jalalani.

Kazi hiyo niliifanyia dukani. Nimeajiriwa kwenye duka la fotokopi, Mtaa wa Narung'ombe, na humo tunafanya kila kitu kinachohusu karatasi na picha: fotokopi, picha za paspoti, kadi za harusi, kuingiza nyimbo kwenye flashi. Kompyuta tunayo moja, na umri umeshaanza kuisumbua. Mwenye duka ni bibi wa Kihindi, Mhindu, anayekaa Upanga kwenye maghorofa, ila amezaliwa hapohapo Kariakoo, na Kiswahili chake kinaweza kumkimbiza dalali. Utotoni alikaa nyumba ya pili na kina mama. Wamecheza rede pamoja.

Bibi huyu ana desturi moja asiyoitania. Kila asubuhi huwasha vijiti vya udi mbele ya picha ya mungu wake, iliyotundikwa juu ya mashine ya fotokopi, kisha anasubiri mteja wa kwanza. Mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku. Hasubirishwi, hajibiwi vibaya, na hatoki bila kuhudumiwa, maana akitoka mkono mtupu basi siku nzima imeingia mdudu. Mara moja wa kwanza kuingia alikuwa amepotea tu, anatafuta duka la mapazia. Bibi alivaa viatu akampeleka mwenyewe.

Jumamosi ile nilifika nikijua video imekwisha, nilikuja kuichukua tu kwenye flashi nirudi nyumbani nikapike. Bibi akaingia nyuma yangu na kitu kimefungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. We mtoto, usiondoke. Nimeipata."

Ilikuwa picha ya harusi ya dada yake mkubwa. Bibi harusi ana mashada ya maua shingoni, mashangazi wamejipanga kwa sari zao, wote wamekaza nyuso. Na pembeni, kama kawaida yake, yuko mama yangu. Lakini mama huyu sikuwahi kukutana naye. Msichana mwembamba, gauni linampwaya, kichwa amekirusha nyuma, anacheka mdomo wazi mpaka magego yanaonekana. Sisi tunamjua mama anayecheka kwa kuziba mdomo na upindo wa kanga.

"Alikuwa anacheka nini?" nikauliza.

"Mpiga picha alikuwa amekalia sinia la vitafunio, ladu tupu, na mwenyewe hajui," bibi akasema, akaanza kucheka upya kicheko cha miaka yote ile.

Video bila picha hii ingekuwa pilau bila mchele. Nikaichukua, nikaikuza, nikaiweka mwisho kabisa. Sasa video yote ilibidi ipikwe upya. Ndivyo tunavyoita sisi: kompyuta inachukua picha, muziki na maneno, inavichanganya vinakuwa kitu kimoja. Kwa mashine yetu hiyo ni kazi ya saa kadhaa, na Jumamosi Kariakoo haikusubiri. Nikaangalia saa ya ukutani, nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Leo mteja wa kwanza nani?" bibi akauliza ghafla.

"Hajaingia mtu bado."

"Basi ni wewe. Zunguka, pita upande wa wateja."

Nikadhani anatania. Akanisukuma mpaka nikazunguka kaunta, nikasimama barazani, nikaingia tena kama mgeni. Vijiti vya udi vilikuwa vimeshawashwa.

"Karibu mteja," bibi akasema, uso mkavu kabisa.

"Ahsante. Nataka video ya mama yangu."

"Utaipata. Hutoki hapa bila video."

Tulicheka mpaka muuza soksi wa jirani akaja kuchungulia. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kwa bibi neno hilo lilikuwa zito. Video ya mama ndiyo mteja wa kwanza, kwa hiyo mbele yake asipite mtu.

Na mimi nilikuwa na njia ya kulitekeleza. Ndani ya kompyuta kuna dirisha linaloonyesha programu zote zinazofanya kazi kwa wakati huo. Kompyuta huonekana inafanya mambo kumi kwa pamoja, lakini zaidi ni kuruka: huyu kidogo, yule kidogo, kwa haraka kuliko jicho. Kwenye dirisha lile unaweza kuiambia nani apewe zamu kwanza. Kuna ngazi, kuanzia ya chini, kupitia ya kawaida, mpaka ya juu kabisa. Tangu nilipoligundua nilikuwa najiona mkuu wa wilaya. Nilikuwa nagawa ngazi za juu kama karanga: mteja akifoka, programu yake juu, mwingine akisema gari linamwacha, na yake juu. Mwishowe zote zikawa juu na mwendo ukawa uleule, maana foleni ya wakubwa watupu nayo ni foleni tu.

Safari hii sikugawa. Niliipandisha video peke yake, tena kwenye ile ngazi ya mwisho ambayo nilikuwa sijawahi kuigusa. Kikatokea kidirisha chenye maneno mengi kuniuliza kama nina hakika. Nani husoma vile vitu? Nikabofya ndiyo, nikampigia bibi makofi, naye akanipigia.

Mausi ikasimama.

Niliisogeza, mshale haukusogea. Nikabonyeza vitufe vya herufi, kimya. Saa ya pale chini kwenye kioo iliganda. Feni peke yake ndiyo ilikuwa inavuma, ikionyesha kwamba ndani humo kuna mtu anafanya kazi kwelikweli, ila amefunga mlango na hataki kusikia la mtu. Nilikuwa nimeipa video haki ya kupita mbele ya kila kitu, na kila kitu ni pamoja na mausi, na vitufe, na hata ile kazi ndogo ya kuandika video yenyewe ihifadhiwe. Mkuu alikuwa ameingia ofisini na kuwafukuza mpaka wanaomletea chai.

Wateja wakaanza kujaa. Kijana wa picha za paspoti. Mama mwenye cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, karatasi moja. Fundi aliyetaka kuchapa tangazo la vipuri. Bibi akawa anawaambia, "Subirini kidogo, yupo mteja wa kwanza," nao wanatazama huku na huku, mteja mwenyewe hawamwoni. Dada yangu akapiga simu kutoka nyumbani.

"Umefika wapi?"

"Inaenda," nikasema, na kioo kimekufa mbele yangu.

"Mama anapiga deki. Siku ya ndoa yake anapiga deki! Njoo unisaidie kumkamata."

Hapo kicheko kilinitoka na machozi yakatoka papo hapo. Niliwaona waziwazi: mama anaondoka na begi lake, televisheni imezimwa, na yule msichana wa magego amebaki ndani ya kompyuta ya Narung'ombe. Nikangoja. Nikangoja tena. Mwisho nikafanya nisilopenda, nikabonyeza kitufe cha kuzimia na kukishikilia mpaka feni ikanyamaza. Nilipoiwasha, picha zote zilikuwepo na mpangilio wangu ulikuwepo, lakini video iliyopikwa haikuwepo hata dakika moja. Chungu kilikuwa kitupu.

Nikainama juu ya kaunta. Na pale chini, kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine ya fotokopi, alikuwa amekaa mwalimu mmoja wa kike, mteja wetu wa siku zote, na rundo la mitihani mapajani. Umeme tulikuwa nao, mashine ya fotokopi haihitaji kompyuta, kwa hiyo bibi alikuwa ameanza kumhudumia ili watu wasikimbie wote. Mwenye cheti akasogea na karatasi yake moja. Mwalimu hata hakuinua macho.

"Mpishe huyo," akamwambia bibi. "Wote wenye moja moja wapite. Mimi nipo nipo tu."

Bibi akasimamisha mitihani, akatoa nakala ya cheti, akarudi kwenye mitihani. Akaja mwingine na kitambulisho, akapishwa. Mitihani ikaendelea. Wa kitambulisho alipokuwa anapekua mkoba wake, mitihani ilikuwa inatoka. Bibi alipokuwa anabishana na fundi, mitihani ilikuwa inatoka. Hakuna aliyenung'unika, na rundo la mwalimu lilikuwa linapungua mbele ya macho yangu.

Nikapiga ukelele. Mwalimu akadhani nimeona panya.

"Bibi! Video tuiweke mwisho!"

"Mwisho wapi?"

"Ngazi ya chini kabisa. Iwapishe wote."

Bibi aliniangalia kana kwamba nimesema tumzike mtu. Nikamwelezea haraka, kwa mikono. Picha ya paspoti inaitaka kompyuta kwa kufumba na kufumbua tu. Muda mwingine wote mimi namwambia mtu anyooshe shingo, namkatia picha kwa mkasi, anatafuta chenji, na kompyuta imekaa bure. Huo wote utaliwa na video. Inayopisha haipotezi kitu, ilimradi ipo na haiondoki. Mwalimu akaitikia kwa kichwa bila kujua tunaongea nini.

"Hiyo nimeelewa," bibi akasema. "Lakini mteja wa kwanza hawekwi mwisho. Huko ni kuita nuksi. Tena siku ya ndoa ya mama yako!"

Niliogopa kweli, maana mwanamke huyu akikataa, amekataa. Na nilikuwa siwezi kumdharau, kwani udi wake ndio uliolilinda duka lile kabla sijazaliwa, au yeye ndivyo anavyoamini, na duka lipo. Akasimama anafikiri, mkono kiunoni. Kisha uso ukamfunguka.

"Kompyuta si ilizimika?"

"Ilizimika."

"Na ikawaka upya?"

"Ikawaka."

"Basi siku imeanza upya. Nyote tokeni nje!"

Akawatoa watu wote barazani, pamoja na mwalimu na rundo lake, akavuta geti la chuma hadi chini. Tukabaki ndani gizani, mimi na yeye, tunacheka kama watoto waliojificha. Akapapasa kiberiti, akawasha vijiti vipya vya udi, akanong'ona maneno yake kwa Kigujarati. Kisha akasukuma geti juu kwa kishindo. Adhuhuri ilikuwa inakaribia na jua la Kariakoo likatupiga usoni.

"Habari za asubuhi!" bibi akawaambia.

"Nzuri!" wakaitikia wote, maana Kariakoo watu huelewa mambo ya biashara bila kuelezwa. Wa kwanza kuingia alikuwa kijana wa paspoti, na bibi akampokea kwa heshima zote za mteja wa kwanza, mpaka akampa na kioo ajitazame. Mimi nikaipa video ngazi ya chini kabisa, nikasema bismillahi, nikaianzisha.

Sijawahi kufanya kazi kwa raha namna ile. Mausi ilikuwa inateleza. Picha, cheti, tangazo la vipuri, kadi, nyimbo kwenye flashi, watu wanaingia na kutoka, na kule chini ya kioo kile kimstari kinachoonyesha video imefika wapi kilikuwa kinajisogeza. Watu wakizidi kinanyata, watu wakipungua kinakimbia. Nilikuwa nakikonyeza. Adhana ya adhuhuri ilipolia, nikajua kule msikitini wanajiandaa kufunga ndoa, nikawaambia wateja watatu nisiowajua kwamba mama yangu anaolewa sasa hivi. Mmoja akapiga kigelegele hapohapo dukani. Mtu mzima, na mkoba wa ofisini!

Video ikaiva kabla ya alasiri. Nikaitia kwenye flashi, nikaifunga flashi kwenye pindo la kanga kwa mafundo mawili. Bibi akashusha geti. Jumamosi, Kariakoo imejaa watu, naye anafunga duka! Tukavuka njia ya mabasi ya mwendokasi tumeshikana mikono, hao Gerezani.

Mama alikuwa mkekani katikati ya wanawake, amevalishwa, amefukizwa, hina ncha za vidole, na ametazama chini kama anayesubiri kuchomwa sindano. Nikachomeka flashi. Muziki ukaanza.

Mwanzoni hakuelewa. Akawa anaangalia harusi ya huyu, harusi ya yule, anatafuta bibi harusi. Wanawake ndio walioanza kupiga kelele. "Huyo wewe! Tena wewe!" Kilipotokea kiwiko, kikiwa kikubwa televisheni nzima, sebule ililipuka, dada akaanguka juu ya mito. Mama akaziba mdomo na kanga. Sinia baada ya sinia, ushungi baada ya ushungi, mama katikati, mama katikati, na kila aliyetoa picha alidai sifa yake kwa sauti. Kisha ikaja ya mwisho, na vicheko vikapungua vyenyewe.

Mama akasogea mbele.

"Huyu mtoto wa nani?" akauliza.

"Mjinga wewe," bibi akamwambia taratibu. "Huyo ni wewe. Umesahau mpiga picha alivyokalia sinia la ladu?"

Mama akasogea tena, mpaka akawa karibu na kioo. Akanyanyua kidole chenye hina akakigusisha kwenye shavu la yule msichana. Kanga ilikuwa imemtoka mdomoni.

"Nilikuwa mzuri hivi," akasema, "na hakuna aliyeniambia."

Bibi akamshika bega.

Nje honi ikalia. Mtu akapaza sauti kutoka mlangoni kwamba bwana harusi ameshafika, na Magogoni foleni ya pantoni la kuvukia Kigamboni ni ndefu, bibi harusi atoke. Sote tukainuka kwa mpigo, huyu anatafuta viatu, huyu begi, huyu marashi. Mwanamke huyu tumemwona maisha yetu yote akiacha chakula kinapoa ili amfungulie mlango mtu wa kuulizia njia. Lakini safari hii alibaki chini, palepale mbele ya televisheni.

"Mama," dada akasema, "wanakusubiri."

"Mpeni kiti," mama akasema bila kugeuka. "Mpeni na juisi, anywe taratibu. Na wewe uliyeshika rimoti, irudishe mwanzo."

Nikairudisha. Nililia na kucheka kwa pamoja, rimoti ikaniteleza mkononi, nikaiokota, nikakaa kando yake.